Dhahabu, kaboni, kadimi au DNA: kihisio kipi cha nano kinafaa kupima metali nzito kwenye maji yako?

Anayetafuta kihisio cha nano cha kupimia metali nzito hakosi cha kusoma. Machapisho ni maelfu, na mengi yanaishia kwenye dai moja: kihisio chetu kinaona kiasi kidogo kuliko vyote vilivyotangulia. Mwanafunzi wa uzamili wa Mwanza, Nairobi au Lubumbashi hushawishika kuchagua chenye kikomo cha chini kabisa, yaani kinachoona kiasi kidogo zaidi. Huagiza kemikali, akapika, akapata kichupa kinachong'aa vizuri sana kwenye maji yaliyokenekwa. Akikipeleka kwenye maji ya mto, kinazimika hata pale ambapo hakuna zebaki.

Hapa naviweka vihisio vinne bega kwa bega, ila naanzia upande mwingine: metali gani unaitafuta, na maji yako yamebeba nini zaidi ya metali hiyo. Kikomo kilichotangazwa nakiweka nyuma, kwa sababu kwa kawaida kimepimwa kwenye maji safi ya maabara, na tatizo letu haliko kwenye maji hayo.

Namba za kuanzia

Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 6 za zebaki isokaboni kwa lita, mikrogramu 10 za risasi, mikrogramu 3 za kadimi, na miligramu 2 za shaba. Makala za kemia huandika kwa moli (kizio cha kuhesabu atomi badala ya uzito), kwa hiyo geuza kabla hujalinganisha chochote. Zebaki inakuwa nanomoli 30 kwa lita, risasi 48, kadimi 27. Shaba inakuwa mikromoli 31, yaani nanomoli zipatazo 31,000.

Liangalie vizuri pengo hilo. Kihisio cha shaba kinaweza kuwa butu mara elfu kuliko cha zebaki na bado kikatosha kabisa kwa kazi yake. Kinyume chake, kihisio cha kadimi chenye kikomo cha nanomoli 100, hata kiwe kizuri namna gani, hakiwezi kukwambia kama kisima kinafaa kunyweka. Hesabu hii ya dakika mbili huondoa nusu ya vihisio vilivyo kwenye orodha yako kabla hujatumia hata shilingi moja.

Washindani

Vitatu vya kwanza vina msingi mmoja. Chembe za nanomita chache humulikwa kwa mwanga wa urujuanimno au wa buluu, nazo hurudisha mwanga wa rangi nyingine. Ioni ya metali ikishika uso wa chembe, mng'ao hufifia, na kwenye baadhi ya vihisio huongezeka. Unaipima tofauti hiyo, unailinganisha na mstari wa miyeyusho uliyoitengeneza mwenyewe kwa viwango unavyovijua, unapata kiasi.

Vikongwe zaidi ni vitone vya kwanta. Alexei Ekimov aliviona ndani ya kioo mwanzoni mwa miaka ya 1980, Louis Brus akaviona kwenye myeyusho, na mwaka 1993 Moungi Bawendi akapata njia ya kuvipika vikatoka na ukubwa unaolingana. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023. Vinavyotumika sana kwenye vihisio ni vya kadimi pamoja na teluri, seleni au sulfuri. Rangi yao hufuata ukubwa: vidogo hung'aa kuelekea buluu na kijani, vikubwa kuelekea nyekundu.

Vitone vya kaboni vilionekana bila kutafutwa mwaka 2004, watafiti wa Marekani walipokuwa wakisafisha neli nano za kaboni. Mapishi yaliyovitawanya duniani ni ya China, ya mwaka 2013: asidi ya sitriki na ethilinidiamini kwenye maji, ndani ya otoklevu (chungu kinachofungwa kuhimili shinikizo), nyuzi 200 za Selsiasi kwa saa 5. Hung'aa buluu, na kwa nguvu sana. Waliovipika waliripoti kwamba kati ya fotoni (chembe za mwanga) 100 zinazomezwa, zipatazo 80 hurudishwa.

Vishada vya dhahabu ni makundi ya atomi za dhahabu, 25 hivi, yaliyofungwa ndani ya protini. Watafiti wa Singapore walionyesha mwaka 2009 kwamba albumini ya damu ya ng'ombe ikichanganywa na asidi ya kloroauriki (chumvi ya dhahabu), ikaongezwa sodiamu haidroksaidi, ikaachwa kwenye nyuzi 37 kwa saa 12, inatoka rangi ya kahawia na kung'aa nyekundu kwenye nanomita 640 hivi. Hakuna otoklevu, hakuna moto mkali. Joto ni lile la mwili wa binadamu.

Cha nne ni DNA iliyounganishwa na chembe ya nano. DNA ndiyo inayoitambua metali. Chembe ya dhahabu au karatasi ya grafini oksaidi kazi yake ni kuuzima mng'ao mpaka metali itakapofika.

Kuna pia chembe za lanthanidi, zinazomulikwa kwa leza ya nanomita 980 na kurudisha mwanga wa kijani au mwekundu. Uzuri wake ni kwamba uchafu wa maji haung'ai kwa leza hiyo, lakini mng'ao wenyewe ni hafifu na mashine ya kuusoma ni adimu. Kama huna leza hiyo tayari, usianzie hapo.

Zebaki: dhahabu inashinda, ila siyo kila mahali

Kwa zebaki nitakaa zaidi, kwa sababu ndiyo inayowagusa watu wengi wa kwetu. Geita, Kahama, Chunya, na ng'ambo ya mpaka huko Migori, wachimbaji wadogo huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa kwenye karasha ili inase dhahabu, kisha huichoma. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulianza kutumika Agosti 2017, lakini mialoni, pale wachimbaji wanapochenjulia dhahabu, zebaki bado ipo.

Kwa metali hii washindani wa kweli ni watatu: vishada vya dhahabu, DNA na kaboni.

Vishada vya dhahabu vina sababu ya kikemia ya kuipenda zebaki. Juu ya kishada kuna atomi za dhahabu zenye chaji, na mpangilio wa elektroni zake za nje unafanana na ule wa ioni ya zebaki. Viwili hivyo huvutana kwa nguvu, na mng'ao mwekundu huzimika. Kundi lile lile la Singapore liliripoti mwaka 2010 kikomo cha nanomoli 0.5 kwa lita, sawa na mikrogramu 0.1 za zebaki, mara 60 chini ya kiwango cha maji ya kunywa. Hiyo ni nafasi kubwa. Hata maji ya mto yakikupunguzia wepesi huo mara kumi, bado unabaki chini ya kiwango.

DNA inaijua zebaki kwa namna nyingine. Thimini (moja ya herufi nne za DNA) mbili zinazotazamana hushikwa na ioni moja ya zebaki katikati, na uzi wa DNA unajikunja. Watafiti wa Japani waliitumia mbinu hiyo mwaka 2004. Kwa kuichagua zebaki kati ya metali nyingine, sijaona kinachoizidi. Lakini kikomo chao cha mwanzo kilikuwa nanomoli 40, juu kidogo ya zile 30 tunazozihitaji. Waliofuata walikishusha kwa kuongeza chembe za dhahabu au grafini oksaidi, na kila nyongeza ni hatua nyingine ya kuharibika.

Kaboni ndiyo rahisi kuliko vyote, na ndiyo ninayoionea shaka zaidi kwa zebaki. Ukisoma makala kadhaa utakuta mapishi yanayokaribiana sana, moja likidai kwamba vitone vinazimwa na zebaki pekee, jingine kwamba vinazimwa na chuma pekee. Uso wa vitone hivi umejaa makundi ya oksijeni na nitrojeni ambayo hushika metali nyingi, na chuma chenye chaji tatu hukizima kihisio hiki vizuri sana. Udongo mwekundu wa Kanda ya Ziwa ni chuma mtupu. Unaweza kukifunga chuma kwa floraidi kabla ya kupima, na inasaidia, lakini sasa umeingia kwenye kazi ya kusafisha sampuli ambayo kihisio kilitakiwa kukuepusha nayo.

Lipo na tatizo la rangi. Maji ya mto, ya bwawa na ya mbugani yana asidi za humusi kutoka kwenye majani yaliyooza, na asidi hizo zikimulikwa na urujuanimno hung'aa buluu zenyewe, karibu na nanomita 450, pale pale kaboni inapong'aa. Utakuwa unapima majani. Vishada vya dhahabu hung'aa mbali na hapo, kwenye nyekundu, na hii peke yake ingetosha kunifanya nichague dhahabu kwa maji yenye rangi ya chai.

Wengi huiogopa dhahabu kwa bei. Fanya hesabu. Mapishi ya mwaka 2009 hutumia mililita 5 za asidi ya kloroauriki yenye nguvu ya milimoli 10 kwa lita. Ndani yake kuna dhahabu isiyofika miligramu 10. Gramu moja ya chumvi hiyo inakupa mapishi kama 50, na kila pishi, likishazimuliwa, linatosha sampuli nyingi. Kinachogharimu ni kununua kichupa cha kwanza. Baada ya hapo gharama ya kila kipimo ni ndogo sana. Kitu cha kuzingatia ni usafi: osha vyombo kwa maji ya kifalme (mchanganyiko wa asidi ya haidrokloriki na ya nitriki), na usichote chumvi hiyo kwa kijiko cha chuma, itakila.

Sasa udhaifu wake, na huu makala nyingi haziutaji kwa sababu waandishi wake hawafanyi kazi karibu na mwalo. Marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya zebaki, hupelekwa kwenye mitambo ya kuchenjua kwa sayanaidi. Sayanaidi huyeyusha dhahabu. Ndiyo kazi yake pale. Ikikutana na kishada chako inakiyeyusha pia, mng'ao unazimika, na wewe unaandika kwamba umeona zebaki. Watafiti wengine wamevitumia vishada hivi hivi kama kihisio cha sayanaidi. Ubaya haukomei hapo: sayanaidi huishika zebaki kwa nguvu sana, kiasi kwamba hata DNA inaweza isiione. Kwa maji ya mtambo wa sayanaidi unaweza kudanganywa pande zote mbili.

Na hapa kuna hatari ya uhai, nisomeni kwa makini. Sampuli ya zebaki kwa desturi hutiwa asidi ili zebaki isishike kuta za chupa. Maji yenye sayanaidi yakitiwa asidi hutoa gesi ya haidrojeni sayanaidi, nayo inaua. Kama chanzo cha maji kipo karibu na mtambo, usitie asidi kabla ya kupima sayanaidi, na usifanye kazi hiyo nje ya kabati la kuvuta hewa. Maji ya namna hiyo yapelekwe kwenye maabara yenye mashine ya mvuke baridi, inayopima zebaki ikiwa mvuke. Hakuna kihisio kati ya hivi vinne ninachoweza kukupa kwa moyo mweupe.

Kwa mito, visima na madimbwi yaliyo mbali na sayanaidi, chagua vishada vya dhahabu. Weka EDTA kiasi (kemikali inayoshika ioni za metali), kwa sababu shaba pia huvifisha, na EDTA huishika shaba. EDTA hushika zebaki vilevile, kwa hiyo mstari wako wa kulinganishia lazima utengenezwe ukiwa na EDTA ile ile ndani. Tumia chupa za kioo badala ya plastiki ya kawaida, na kama ulitia asidi, irudishe sampuli karibu na pH ya 7 kabla kihisio hakijaingia.

Uamuzi mwingine ni wako kabla hujatoka nyumbani: unataka zebaki iliyoyeyuka au zebaki yote? Chini ya mialo, sehemu kubwa ya zebaki hushikamana na tope. Ukichuja kwa kichujio cha mikromita 0.45, kihisio kitasoma kilichopita tu, na mto wenye tope baya unaweza kuonekana safi. Kihisio hakisomi methili zebaki iliyomo ndani ya sangara wala mvuke anaouvuta mchomaji. Kwa mchomaji, kipimo ni mkojo wake.

Risasi: hapa DNA haina mpinzani

Owino Uhuru, Mombasa, iliwafundisha wengi kuhusu risasi. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilikuwa jirani na makazi ya watu, watoto wakaugua, mwanaharakati Phyllis Omido akaongoza mapambano yaliyompa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Sehemu kubwa ya risasi ya namna hii iko kwenye udongo, vumbi na damu, lakini hata udongo huishia kuwa myeyusho unapolowekwa kwenye asidi ili upimwe.

Kwa risasi, vishada vya dhahabu na vitone vya kaboni havina sababu ya pekee ya kuichagua. Huitikia, ndiyo, lakini huitikia na nyingine nyingi. DNA inayo sababu. Mwaka 1994 Ronald Breaker na Gerald Joyce walipata uzi wa DNA unaofanya kazi ya kimeng'enya: risasi ikifika, uzi unakata uzi mwenzake mahali maalumu. Miaka michache baadaye maabara ya Yi Lu huko Illinois ikatia kwenye uzi unaokatwa molekuli inayong'aa, na jirani yake molekuli inayoizima. Uzi ukikatwa, viwili hivyo vinaachana na mwanga unawaka. Kikomo cha kwanza kilikuwa nanomoli 10, yaani mikrogramu 2 hivi kwa lita, mara tano chini ya kiwango cha maji ya kunywa. Kuna aina mbili zinazotumika sana, 17E ya ukoo wa 8-17, na GR-5. Ukiwa na maji yenye zinki nyingi chukua GR-5, inaibagua risasi vizuri zaidi.

Ona tofauti ya mwelekeo. Vishada na vitone huzimika, DNA hii huwaka. Ukiingia chumbani ukakuta giza, hujui nani kazima taa: huenda ni mtu, huenda ni umeme umekatika, huenda balbu imeungua. Mng'ao pia huzimwa na mengi: rangi ya maji, chumvi inayogandisha chembe, joto, pH. Kuwaka kunahitaji sababu mahususi. Kwa maji machafu, kihisio kinachowaka kina thamani ambayo haionekani kwenye namba ya kikomo.

Gharama yake ni ya aina nyingine. Nyuzi hizo huagizwa nje zikiwa zimeshatiwa molekuli zake, hukaa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na uzi unaokatwa una kiungo kimoja cha RNA ambacho vimeng'enya vya kwenye jasho la vidole vyako vinaweza kukikata bila risasi yoyote. Vaa glavu, tumia maji yasiyo na vimeng'enya hivyo, na usichague DNA kama umeme wa friji yako hauaminiki. Ukiichagua, gawa kwenye vichupa vidogo vidogo siku ile ile inapofika, usiiyeyushe na kuigandisha tena na tena.

Na bafa (myeyusho unaoshikilia pH isibadilike): usitumie ya fosfeti. Risasi na fosfeti hutengeneza chumvi isiyoyeyuka, risasi inatua chini ya kichupa na wewe unaandika kwamba maji ni salama. HEPES au Tris zinafaa. Kwa myeyusho wa udongo uliolowekwa kwenye asidi, punguza kwa maji mara nyingi uwezavyo, rekebisha pH, ndipo upime. Udongo wa karibu na kiwanda una risasi nyingi kiasi kwamba kupunguza hakukunyimi jibu.

Shaba: kaboni inatosha, kadimi ya nini?

Vitone vya kwanta vya kadimi na shaba vina historia ndefu. Ioni za shaba huchukua nafasi ya kadimi juu ya uso wa kitone, kwa kuwa sulfidi na teluridi za shaba ni ngumu zaidi kuyeyuka, na mng'ao hukatika. Inafanya kazi vizuri. Tatizo ni kwamba kadimi iliyosukumwa nje inabaki kwenye maji. Unapima metali yenye kiwango cha miligramu 2 kwa kutumia nyenzo ambayo kiwango chake chenyewe ni mikrogramu 3, kisha unamwaga kwenye sinki. Umoja wa Ulaya hauruhusu kadimi kuzidi asilimia 0.01 kwenye vifaa vya umeme, na vyuo vyetu vingi havina hata pipa tofauti la taka za metali. Mimi kwa kazi hii siviungi mkono, hata kama otoklevu yako ingevitoa bure.

Vitone vya kaboni vilivyovalishwa polietilinimini (polima yenye amini nyingi) ni chaguo bora zaidi. Amini zake hushika shaba na kutengeneza rangi ya buluu inayokula mng'ao wa kitone. Watafiti wa China waliripoti mwaka 2012 kikomo cha nanomoli 6. Kumbuka tunahitaji 31,000 tu. Wepesi huo wa ziada usiutupe, utumie kuzimua: chukua sampuli yako uipunguze mara 100. Shaba bado itaonekana, na chuma, humusi na chumvi vyote vimepungua mara 100 pamoja nayo. Sijui njia nyingine ya kusafisha sampuli iliyo rahisi na ya kuaminika kama hiyo, na ndiyo sababu kaboni, niliyoikataa kwa zebaki, naikubali hapa bila wasiwasi.

Kwa wenzetu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, shaba hutembea na kobalti. Pima mwitikio wa kobalti peke yake kwanza, kwa uwiano uliopo kwenye maji ya kwenu, kabla hujaandika kwamba kihisio chako kinachagua shaba.

Kadimi, kromi na aseniki kwa ufupi

Kadimi: sikushauri kihisio cha nano kinachong'aa kama kipimo kikuu. Kinahitajika kuona chini ya nanomoli 27 na kuitofautisha na zinki, ambayo kikemia ni ndugu yake wa karibu na kwenye maji huwa nyingi zaidi kwa mbali. Tumia mbinu ya umeme ya kuvua metali kwenye elektrodi, au tanuru ya grafiti, mashine inayochoma sampuli na kupima mwanga unaomezwa na atomi zake.

Kromi yenye chaji sita ina rangi ya manjano inayomeza ule ule mwanga unaotumika kuvimulika vitone vya kaboni, na vitone hivyo huitikia vizuri. Ila maji yoyote ya manjano yatafanya vivyo hivyo.

Aseniki, ambayo imeripotiwa kwenye maji ya ardhini ya ukanda wa dhahabu wa Ziwa Victoria, haiji kama ioni chanya bali kama aseniti na aseneti. Kihisio kilichotengenezwa kwa ajili ya zebaki au risasi hakikuhusu.

Ulicho nacho maabara

Kama una fluorimita (mashine ya kupima mng'ao), vihisio vyote vinne viko wazi kwako. Kama huna, ulizia idara ya biolojia au hospitali ya chuo: kisomaji cha sahani ya visima 96 kinachopima mng'ao kinapatikana huko mara nyingi kuliko kwenye idara ya kemia, na kinasoma sampuli nyingi kwa mkupuo.

Kama una taa ya nanomita 365 tu, ile ya kukagulia noti, na simu, chagua dhahabu. Mwekundu wake unatengana na mwanga wa taa yenyewe, unaweza kuweka plastiki ya rangi ya machungwa mbele ya kamera na ukabaki na mng'ao peke yake. Buluu ya kaboni huchanganyika na zambarau inayovuja kwenye taa. Piga picha ndani ya boksi lililozibwa, zima marekebisho ya kamera ya kujiendesha, na weka kichupa kisicho na metali kwenye kila picha. Usitarajie kuona nanomoli 30 kwa njia hii. Utaona mikromoli, na hiyo inatosha kukwambia dimbwi gani ni baya mno, siyo kisima gani ni salama.

Joto lisikusahaulishe. Mng'ao hupungua maji yanapopata joto. Mstari uliotengenezwa kwenye maabara yenye kiyoyozi hausomi sawa kwenye meza iliyo chini ya mwembe saa nane mchana. Utengeneze upya pale pale.

Kabla ya kuamini jibu

Kwa kila chanzo cha maji, fanya mambo matatu. Ongeza kiasi unachokijua cha metali kwenye sampuli yenyewe na uone kama kihisio kinakirudisha. Ukiongeza mikrogramu 10 na kikasoma 6, maji yako yanaificha metali. Pima umezaji wa mwanga wa sampuli bila kihisio, kwenye urefu wa wimbi wa kumulika na wa kung'aa, kwa sababu maji yenye rangi hufifisha mng'ao bila metali kuhusika, na hesabu ya kurekebisha inahitaji namba hizo mbili tu. Tatu, pima maji ya chanzo kile kile kutoka sehemu iliyo juu ya uchafuzi, yatumike kama sifuri yako badala ya maji yaliyokenekwa.

Kisha tuma baadhi ya sampuli kwenye maabara yenye mashine ya kupima metali kwa umezaji wa mwanga wa atomi, kama ile ya Mkemia Mkuu wa Serikali ya Tanzania. Usitume zile mbaya tu. Tuma zilizo karibu na kiwango, na tuma kadhaa ambazo kihisio kimesema ni safi. Makosa ya kihisio kinachozimika huonekana kwenye kundi la kwanza, na ya zebaki au risasi iliyojificha kwenye la pili.